Mimea ya kigeni yabadilisha sura ya miteremko ya Nyakach

JUU ya Pap Onditi, Kaunti ya Kisumu, ardhi huinuka ghafla kutoka tambarare ya Nyakach ya Chini hadi uwanda wa Nyabondo, ulio takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mteremko huo mimea ya asili na ya kigeni hung'ang'ania udongo mmoja.

Migunga na mikuyu ni ya asili. Mkaratusi ulitoka Australia, ukaletwa nchini mwaka wa 1902 ili uwe kuni za garimoshi. Lantana, ambayo Waluo huiita nyabend winy, ilitoka Amerika. Ilipandwa kwa ajili ya maua yake, kisha ndege wakala matunda na kutawanya mbegu. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe.

Mimea hiyo haikushinda kwa nguvu zake pekee. Kivuli kizito cha msitu huizuia lantana. Panapofyekwa au kulishwa mifugo kupita kiasi, hustawi. Nako Nyabondo hufyatuliwa matofali, na tanuri hula kuni nyingi. Mkaratusi ukikatwa huchipuka tena, hivyo humpa mkulima karo ya watoto mapema kuliko mgunga. Ni vigumu kumlaumu. Hata hivyo, mti huo hunywa maji mengi, ndiposa mwaka wa 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza ung'olewe kandokando ya mito.

Hali ya anga huongeza madhara. Kiangazi kirefu huua miche, kisha mvua kubwa huangukia udongo mtupu. Makorongo ya Katuk Odeyo, katika Nyakach hiyohiyo, yamemeza mashamba, na udongo wake huishia Ziwa Victoria.

Kwenye milima mirefu kama Mlima Kenya, baridi ndiyo ngao ya mimea ya asili, lakini joto linaongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023, uliofuata barabara za maeneo 11 ya milima duniani, ulionyesha mimea ya kigeni ikizidi kupanda juu. Ile ya asili iliyo karibu na kilele haina pa kuhamia.

Kung'oa lantana pekee hakutoshi, kwani huchipuka upya. Sharti mahali pake pafunikwe mara moja kwa nyasi na miti ya asili, mifugo izuiwe kwa misimu kadhaa, na mikaratusi ya matofali ipandwe mbali na chemchemi.