Historia ya Turkana iko kwa figo
Shuleni tulichora seli kama yai la kukaanga, tukapata alama, tukasahau. Kumbe hizo seli zimetuandika. Mwaka 2025 jarida la Science lilitoa utafiti wa jeni za Waturkana: jeni ya STC1 husaidia figo kubana maji mwili ukikauka. Ilianza kuenea kwetu miaka kama 5,000 iliyopita, nchi hii ilipozidi kuwa kame. Kwa hivyo nyanya anayebeba mtungi hapa Lorugum saa saba mchana si "amezoea jua" tu.

Sasa noma iko kwetu wa Lodwar na Nairobi. Watafiti wanasema jeni hizohizo, tukishahamia chakula cha mjini, zinaweza kutuongezea hatari ya presha. Na mimi hapa nina soda mkononi.