Kabla ya mbegu: kihamba cha Wachagga na anayeanza bustani ya nyumbani



Swali ninaloulizwa mara nyingi na anayetaka kuanza bustani nyumbani ni hili: "Bwana shamba, ninunue mbegu gani?" Leo sitajibu kwa mbegu. Nitajibu kwa kihamba, yaani ile bustani inayozunguka nyumba ya Mchagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Watu wale wamelima mlangoni pao vizazi kwa vizazi, na jinsi walivyopanga kazi inamfaa hata mwenye kiwanja kidogo.

Kijana alipooa, alimegewa sehemu ya kihamba cha baba yake, au akapewa ardhi na mangi. Mpakani ulipandwa sale, mmea ambao Wachagga huutumia pia kuombea msamaha, kwa hiyo jirani hakuung'oa hovyo. Maji yaliletwa na mfongo, mfereji uliochimbwa kwa mkono kutoka kwenye makorongo ya mlima. Kulikuwa na zamu ya kupata maji na zamu ya kuusafisha mfereji. Machipukizi ya migomba yalitoka kwa wazazi na majirani, hayakununuliwa.

Lakini penye uzito ni zizini. Ng'ombe na mbuzi walifungiwa nyumbani, wakalishwa mashina na majani ya migomba pamoja na nyasi ambazo akina mama walizibeba kichwani kutoka tambarare. Samadi ilirudi kwenye migomba. Mgomba ulilisha ng'ombe, ng'ombe akalisha mgomba. Juu ya migomba ilisimama miti kama mringaringa, na chini yake magimbi, viazi vikuu na maharage. Watafiti waliovipima vihamba miaka ya 1980 walikuta wastani wa hekta 0.68, karibu ekari moja na robo tatu, na humo aina zaidi ya 100 za mimea.

Kahawa ilikuja baadaye. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji wakaichukua. Walowezi wengi wa Kizungu hawakupenda kumwona Mwafrika akiuza zao lilelile wanalouza wao. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 KNCU ikashika nafasi yake. Wengi mnaijua habari hiyo. Kinachosahaulika ni mahali kahawa ilipopandwa: iliwekwa chini ya migomba, na migomba ikaachwa isimame.

Faida yake ilionekana mwaka 1989. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ya kahawa ulikwama, bei ikaporomoka. Ada za shule zikawa shida. Jikoni, hata hivyo, ndizi zilikuwepo, na akina mama waliendelea kupeleka ndizi na maziwa sokoni. Katika nyumba nyingi fedha ya kahawa ilikuwa ya baba na ya ndizi ilikuwa ya mama. Mwaka ule fedha ya mama ndiyo iliyonunua chumvi na sabuni.

Sisemi kihamba hakina matatizo. Kimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vingine havitoshi familia, na mifongo mingine imekauka.

Mimi mwenyewe bustani yangu ya kwanza niliianza kinyumenyume. Nilinunua pakiti saba za mbegu kabla sijatafuta hata debe moja la samadi. Udongo wa pale mbele ya nyumba ulikuwa umekanyagwa mpaka ukawa kama sakafu. Nyanya zilitoka nyembamba kama uzi, nikaishia kununua mchicha kwa jirani ambaye ndiye niliyekuwa namshauri!

Kwa hiyo, unayeanza, tazama kwanza maji ya kuoshea mboga na vyombo yanamwagwa wapi. Yasiyo na sabuni nyingi yanafaa kumwagilia. Karibu na hapo pima hatua tatu kwa tatu, zungushia uzio wa kuzuia kuku, kisha tifua hadi jembe liingie lote. Changanya samadi iliyooza, debe moja kwa kila hatua moja ya mraba. Samadi mbichi itaunguza miche. Mbegu ndiyo ya mwisho: anza na mchicha, ambao ukimwagiliwa vizuri unaanza kuchumwa baada ya wiki nne hivi, na pembeni weka miche michache ya sukumawiki. Maji ya bafuni yanapotelemkia, panda mgomba mmoja.

Kama huna mifugo, zungumza na mwenye ng'ombe mapema kabla ya mvua, maana mvua zikianza kila mtu anaitafuta samadi. Nenda na magunia yako mwenyewe.