Mchezo wa Karne (sataranji)

Mchezo wa Karne ni jina la mchezo wa sataranji uliochezwa tarehe 17 Oktoba 1956 katika klabu ya Marshall, jijini New York, Marekani. Donald Byrne alishika kete nyeupe na Bobby Fischer kete nyeusi. Ulikuwa sehemu ya shindano la kumbukumbu ya Rosenwald, na unakumbukwa kwa jinsi Fischer alivyomwachia mpinzani malkia wake na bado akashinda.

Wachezaji

Byrne, mwenye miaka 26, alikuwa mmoja wa mabingwa wa Marekani. Mwaka 1953 alishinda mashindano ya wazi ya nchi hiyo. Fischer alikuwa mvulana wa miaka 13. Mwaka 1956 alikuwa bingwa wa vijana, ila katika shindano hili la wakubwa aliambulia alama 4.5 tu katika michezo 11.

Mwenendo

Mchezo ulifunguliwa kwa ulinzi wa Grünfeld. Byrne alichelewa kumhifadhi mfalme wake, na katika hatua ya 11 akapoteza muda kwa kumsogeza tena askofu aliyekwisha kutoka. Fischer akamweka farasi kwenye mraba wa a4, akimwacha wazi aliwe. Kumla kungemfungulia farasi wake wa pili njia ya kufika e4 na kuwatishia malkia na askofu kwa pamoja.

Katika hatua ya 17 malkia wa Fischer alikuwa hatarini. Hakumwondoa, bali alimrudisha askofu e6. Byrne angemla askofu huyo, mfalme wake angezingirwa na kete zake mwenyewe na kumalizwa na farasi. Akamla malkia. Askofu na farasi weusi wakaanza kupokezana kumtishia mfalme, na vumbi lilipotulia Fischer alikuwa amepata ngome, maaskofu wawili na kitunda.

Malkia wa Byrne alibaki mbali, akitazama mfalme akifukuzwa kutoka g1 hadi c1. Wachezaji wa kiwango chake kwa kawaida hukubali kushindwa mapema. Yeye alimwachia kijana amalize kwa ngome, hatua ya 41.

Jina

Jina hilo lilitolewa na Hans Kmoch katika jarida la Chess Review. Baadaye Fischer alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1972 mjini Reykjavík, kwa kumshinda Boris Spassky.