Waya wa TV Ukutani Waweza Kuleta Intaneti Gorofani

Mombasa utayaona magorofa yaliyozongwa nyaya kama mtego wa samaki. Kila kampuni ya intaneti ikija huvuta waya wake, hutoboa ukuta, kisha yaenda zake. Mwenye nyumba akichoka hukataa wote, na anayeumia ni mpangaji wa gorofa ya nne mwenye watoto wa kusoma.

Nyumba nyingi tayari zina waya: ule wa mviringo uliokuwa ukishuka kutoka antena ya juu hadi kwenye televisheni. Wengi waliuacha ukutani tulipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015. Mafundi huuita kebo ya koaksio. Katikati mna uzi wa shaba, kisha plastiki, kisha wavu wa chuma unaozuia mawimbi ya nje. Kwa muundo huo, hubeba data nyingi kuliko waya wa simu.

Kazi yake ni hivi. Faiba huishia chini ya jengo. Hapo hufungwa kifaa kikuu kinachotia intaneti kwenye koaksio, na kila nyumba huwekwa kijisanduku cha kuipokea na kuipeleka kwenye Wi-Fi. Teknolojia mashuhuri ni tatu. DOCSIS ilianza 1997 na hutumiwa na makampuni ya televisheni ya kebo. MoCA 2.5 hufikia gigabiti 2.5 kwa sekunde. G.hn nayo ni kiwango cha shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU. Kasi hiyo hugawanywa kwa wote walio kwenye waya mmoja.

Kabla hamjakubaliana na fundi, tazameni haya:

Kwanza, nyaya zote zakutana mahali pamoja? Ikiwa kila mpangaji alivuta wake kivyake kupitia dirishani, hakuna pa kuanzia.

Pili, vigawanyi. Vya zamani huandikwa 5–1000 MHz, hali MoCA ya majumbani hupanda hadi 1675 MHz. Vibadilishwe.

Tatu, dishi. Mawimbi yake hushuka kwenye waya kati ya 950 na 2150 MHz, kwa hivyo hugongana na MoCA. Dishi lipewe waya wake.

Nne, kutu. Hewa yetu ya chumvi hula vichwa vya waya. Kichwa kilichoota kutu kikatwe, kifungwe kipya.

Tano, siri. Waya ni wa pamoja, basi fundi awashe usimbaji wenye nywila, asije jirani akaingia kwenye mtandao wako.

Faiba hadi mlangoni bado ndiyo bora, na anayejenga leo aweke mabomba ya kuipitisha. Lakini kwa jengo la zamani, kabla ya kutoboa ukuta mwengine, mwenye nyumba na wapangaji wakae, wamwite fundi aupime waya uliopo. Kupima ni kazi ndogo kuliko kuziba matundu.