Mishumaa ya Noeli Katika Bustani ya Disneyland

Siku ya Jumapili, tarehe 17 Julai, 1955, katika mji wa Anaheim ulio kusini mwa jimbo la California, mahali ambapo mwaka mmoja tu kabla yake palikuwa na mashamba ya michungwa, Walt Disney alifungua bustani ya michezo ambayo mfano wake ulikuwa haujaonekana katika Marekani. Siku hiyo, iliyotazamwa na mamilioni ya watu katika televisheni, ilijaa misukosuko hata watumishi wake wenyewe wakaja kuiita Jumapili Nyeusi: lami iliyokuwa bado mbichi ilinasa viatu vya mabibi, mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa haba kwa sababu ya mgomo wa mafundi, na tikiti za kughushi ziliingiza umati mkubwa kuliko uliokuwa umealikwa. Mtu aliyerudi nyumbani jioni ile, kiu imemshika na visigino vimenata lami, asingalisadiki kwamba ada mojawapo itakayodumu sana mahali pale ni ya watu kusimama kwa utulivu gizani, mishumaa mikononi, wakiimba kuzaliwa kwa Masihi.

Wala Disney mwenyewe hakuwa ameweka tumaini lake kubwa katika nyimbo. Tangu utoto wake katika kijiji cha Marceline, jimbo la Missouri, alikuwa mpenzi wa sarakasi, na Noeli ya kwanza ya bustani yake alitaka iwe ya hema, farasi, wanyama wa mwitu na wanasarakasi wa kuning'inia hewani, pamoja na watoto waliokuwa mashuhuri katika kipindi cha televisheni cha Mickey Mouse Club. Hema lilisimamishwa, gharama ikatolewa kwa ukarimu, na tarehe 24 Novemba, 1955 sarakasi ikafunguliwa. Mapema mwezi wa Januari ilikuwa imekwisha kukunjwa, kwa sababu ambayo ni nyepesi kueleza kuliko ilivyokuwa kuibashiri: sarakasi ilikuwa ikipita katika kila mji wa Marekani, na mtu aliyesafiri mwendo mrefu na watoto wake kuja kutazama Disneyland hakuona haja ya kuketi saa nzima chini ya turubai kutazama kitu ambacho angaliweza kukitazama kwao.

Lakini katika msimu ule ule, bila ya makeke, kikundi cha waimbaji waliovaa mavazi ya Waingereza wa zama za Charles Dickens, yule aliyetoa hadithi yake maarufu ya Krismasi mwaka 1843, kilikuwa kikipita katika njia kuu ya bustani kikiimba nyimbo za Noeli, na kwaya za wageni zilialikwa kuja kuimba. Aliyeshika uongozi wa kazi hiyo alikuwa Dokta Charles Hirt, mwalimu wa kwaya katika Chuo Kikuu cha Southern California.

Inafaa tumtazame mtu huyu kidogo, maana jina la Disney limeenea hata limefunika majina ya waliofanya kazi chini ya kivuli chake. Hirt alizaliwa mwaka 1911, akafariki mwaka 2001. Ndiye aliyeiweka misingi ya idara ya muziki wa kwaya katika chuo chake, na mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa walioasisi chama cha walimu wa kwaya wa Marekani nzima. Alikuwa alimu wa fani yake, mtu wa kanisa na wa darasa, aliyezoea kuta zinazorudisha sauti na hadhira inayojua kunyamaza. Alichopewa Anaheim kilikuwa kinyume cha hayo yote: uwanja usio na dari, firimbi ya gari moshi, watoto wanaolia usingizi, na waimbaji kutoka shule na makanisa mbalimbali ambao kila kundi lilikuwa limejifunza wimbo ule ule kwa mwendo wake na kwa mwalimu wake. Mtu yeyote wa kwetu aliyepata kukusanya kwaya za mitaa minne au mitano kwa ajili ya mkesha anaijua taabu hiyo. Anajua jinsi sauti ya kwanza ya kwaya hii inavyokimbia mbele, na sauti ya nne ya kwaya ile inavyoburura nyuma kama mkokoteni, hata mwongozaji akatamani kuwa na mikono sita. Katika majengo aghalabu ukuta humsaidia mwalimu; nje hakuna wa kumsaidia.

Mwaka 1958 ndipo ilipopatikana sura ambayo hafla hii imekuwa nayo tangu hapo. Kwaya 16 zilikusanywa, zikaandamana kwa mishumaa katika njia kuu, ambayo ilijengwa kuigiza mji mdogo wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, zikafika katika kiwanja kilicho karibu na lango, na hapo zikaunganishwa kuwa kwaya moja chini ya mkono wa Hirt. Mwaka 1960 likaongezwa jambo la pili: mwigizaji wa sinema, Dennis Morgan, alisimama kati ya nyimbo akasoma habari za kuzaliwa kwa Yesu. Tangu hapo kila mwaka una msomaji wake, na aghalabu ni mtu ambaye uso wake unajulikana na kila mwenye kuingia sinema. John Wayne, aliyezoeleka na bastola kiunoni, alisoma. Cary Grant naye alisoma.

Kupokezana huku kwa somo na wimbo si uzushi wa California. Mwaka 1880, huko Truro, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, Askofu Edward White Benson alipanga ibada ya mkesha wa Noeli yenye masomo tisa na nyimbo baina yake. Mwaka 1918, vita vikuu vilipokuwa ndiyo kwanza vimekoma, Eric Milner-White aliichukua akaitia katika kanisa la King's College, Cambridge, na kuanzia mwaka 1928 redio ya BBC ikaipeleka hewani. Disneyland ilifuata mfano ulio karibu na huo, ikapunguza masomo, ikaongeza tarumbeta, na badala ya kasisi ikaweka mwigizaji.

Miongoni mwa waliosoma baadaye alikuwa James Earl Jones, aliyefariki mwaka 2024, mwenye sauti nzito kama ngoma kuu. Huyu ndiye aliyemsemea simba mzee Mufasa katika filamu ya mwaka 1994 ambayo iliazima kwetu majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa bila ya kutulipa hata ahsante, na siwezi kujizuia kufikiri kwamba wako wazungumzaji wa Kiswahili waliopata kusimama kiwanjani wakamsikia akisoma Injili ya Luka, huku wakingoja kwa siri angurume.

Wako wanaochukia jambo hili lote. Husema kwamba Injili haikuandikwa isomwe baina ya duka la kofia zenye masikio ya panya na duka la peremende, na kwamba anayeingia kwa tikiti kusikiliza habari za mtoto aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni ana jambo la kujiuliza. Hoja hiyo ina uzito wake, nami siipuuzi. Lakini nikiangalia vitu vingine vya bustani ile naona tofauti ambayo wakosoaji hawaitaji. Mto wake wa Afrika una viboko wa mashine. Mlima wake wa Uswisi, uliofunguliwa mwaka 1959, ni chuma na saruji. Hata ndege waimbao katika chumba chao tangu mwaka 1963 huimba kwa umeme. Katika mahali palipojengwa kwa ustadi wa kuiga, kwaya ndiyo iliyobaki kuwa kitu chenyewe: pumzi ya watu, ambayo yaweza kukosea. Walt Disney alifariki tarehe 15 Desemba, 1966, siku kumi kabla ya Noeli, maandamano haya yakiwa yamekwisha kuwa ada.

Bustani ya pili ilipofunguliwa Florida mwezi wa Oktoba 1971, ada ilivuka bara pamoja na jina, na Rock Hudson akawa msomaji wa mwaka huo wa kwanza. Tangu mwaka 1994 hafla ya huko hufanywa Epcot, bustani nyingine ya Disney huko huko Florida, katika ukumbi wa wazi ulio kando ya ziwa, kwa wiki nyingi mfululizo, mara tatu kila jioni, wasomaji wakipokezana. Mwaka 2020 peke yake maradhi ya Korona yaliinyamazisha, ikarudi mwaka uliofuata. Anaheim na Florida pia, katikati ya jukwaa hupangwa waimbaji waliovaa majoho ya kijani, safu juu ya safu, hata wakafanya umbo la mti wa Krismasi. Hao si wageni. Ni wafanyakazi wa bustani yenyewe, waliofanya mazoezi baada ya saa za kazi tangu zamani kabla ya Desemba, na pengine aliyekukatia tikiti asubuhi ndiye aimbaye sauti ya tatu usiku.

Msomaji atakayejaliwa safari ya huko katika msimu wa Noeli na achague mapema. Florida, tikiti ya kuingilia yatosha, ila apange foleni jua lingali juu, au alipie chakula ili awekewe kiti. Anaheim hafla hufanywa usiku wa siku chache tu, kwa kawaida siku mbili, viti vingi vikiwa vya walioalikwa. Asiye na mwaliko husimama njiani, na apataye mahali pazuri ni yule aliyefika mapema kuliko wenziwe.