Kuchanganya Divai: Kutoka Karthago hadi Karema



Ndugu wapendwa, nyumbani watu hutengeneza divai ya rozela, na wengine ya asali, ambayo ni fahari ya misitu yetu ya Katavi. Wajuzi huzichanganya, ili utamu wa asali upoze ukali wa rozela. Hungoja kwanza zote mbili zimalize kuchachuka, kisha huonja mchanganyiko katika kikombe kidogo kabla ya kugusa pipa. Wanajua pia kwamba divai iliyogeuka siki haiponywi na divai njema, bali huiharibu.

Mkristo akituletea chupa ya namna hiyo kwa ajili ya Misa, twaipokea kwa shukrani mezani, lakini si katika kalisi. Je, tunadharau kazi ya mikono yake?

Historia itujibu. Yapata mwaka 253, Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Karthago, huko Afrika ya Kaskazini, aliandika barua kuwapinga walioadhimisha Ekaristi kwa maji matupu. Alifundisha kwamba divai ni Damu ya Kristo, na maji ni taifa la waamini. Vikiisha kuchanganyika kalisini, havitengani tena.

Mwaka 1884 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, alifanywa Askofu Mkuu wa Karthago, mji ule ule wa Sipriani. Mwaka 1885 wanashirika wake walikabidhiwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kituo kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879. Kilimo cha zabibu cha Dodoma kilikuwa hakijazaliwa, na mizigo ya ng'ambo ilifika kwa misafara ya wapagazi kutoka pwani. Pombe ya asali ilikuwa karibu, divai ya mzabibu mbali. Hata hivyo, Kanisa halikuruhusu kalisi iongezwe kwa kilicho karibu.

Leo Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yadai divai ya asili, itokanayo na mzabibu, isiyoharibika. Maagizo ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 yakataza kuichanganya na kitu kingine, isipokuwa maji kidogo.

Basi, ndugu yetu mwenye rozela na asali hakufungiwa nje ya kalisi. Yumo katika matone yale ya maji, pamoja nasi sote. Dominika ijayo, padre anapoyamimina, tujitoe humo bila kubakiza.

Mungu awabariki.