Heligoland, Zanzibar na mpaka wa Rwanda

Anayetoka Kigali kupitia Musanze hadi Cyanika hupita chini ya mlima Muhabura, hugongewa muhuri mpakani, na akifika Kisoro, Uganda, hukuta watu wanaosema Kinyarwanda kwa lafudhi yao. Hapa nyumbani Rwanda lawama za mpaka huo hutupiwa Wajerumani, au Wabelgiji waliowafuata. Naona tumemsahau mshiriki mkubwa. Mpaka ule ni zao la siasa ya Uingereza ya baharini, na chimbuko lake ni Zanzibar.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 Waingereza hawakuhitaji kutawala bara la Afrika Mashariki. Walichokitaka ni Bahari ya Hindi iwe salama kwa meli zao ziendazo India, basi wakamweka Sultani wa Zanzibar mbele na konseli wao nyuma yake. Mwaka 1822 walimfunga Sultani Seyyid Said kwa mkataba wa kupunguza biashara ya watumwa. 1841 konseli Hamerton akahamia Unguja. 1861 uamuzi wa Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, ukatenganisha Zanzibar na Oman. Mwaka 1873 konseli John Kirk alimbana Sultani Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa. Hilo lilikuwa jambo jema, na lilionyesha pia nani mwenye kauli visiwani.

Sultani aliamini kwamba utii huo ungemlinda. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alikusanya mikataba kwa machifu wa Usagara na jirani zake, na Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri. Barghash akaitazama London. London ilikuwa na shughuli za Misri, ambako ilihitaji Bismarck, Kansela wa Ujerumani, aiunge mkono, na haikutaka kugombana naye kwa ajili ya rafiki wa Unguja. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani waligawana bara, wakamwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Barghash alikufa 1888.

Ndipo ukaja mkataba wa Berlin wa 1 Julai 1890. Lord Salisbury, Waziri Mkuu, alitaka Unguja na Pemba ziwe chini ya Uingereza, na alitaka chanzo cha Nile kisiguswe na yeyote. Alichotoa ni Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita za mraba 2, ambacho Waingereza walikuwa wamewanyang'anya Wadenmark mwaka 1807. Wajerumani walikitamani kwa sababu walikuwa wanachimba mfereji wa Kiel na kisiwa kilikaa mbele ya mlango wake. Malkia Victoria hakupenda watu wake wa Heligoland watolewe bila kuulizwa. Wazanzibari nao hawakuulizwa, wala wa huku kwetu.

Maana mkataba huo wa visiwa ulifika mpaka huku. Magharibi mwa ziwa Victoria mstari ulifuata latitudo ya digrii 1 kusini, kwa sharti kwamba mlima Mfumbiro ubaki upande wa Uingereza. Ukionekana uko kusini, mstari upindwe. Mfumbiro wenyewe ulijulikana Ulaya kwa habari za Speke, aliyeona vilele kwa mbali kutoka Karagwe mwaka 1861. Kwa kweli hakuna mlima mmoja pale. Kuna safu nzima ya volkano za Virunga. Wakati huo Mfalme Kigeli Rwabugiri alikuwa akitawala Rwanda, na hakuna Mzungu aliyekuwa amefika mbele yake hadi Mjerumani Count von Götzen alipokuja 1894.

Mlima huo wa kwenye karatasi ulizua mabishano ya miaka 20. Mwaka 1910 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walikaa Brussels wakaamua: Bufumbira, yaani eneo la Kisoro, ikaenda Uganda, kisiwa cha Ijwi na eneo la Bwisha vikaenda Congo. Mfalme Musinga wa Rwanda, ambaye watu wake ndio waliokatwa vipande, hakuwa na kiti mezani.

Waingereza walikuwa na hamu nyingine pia: njia yao wenyewe kutoka Cape hadi Cairo. Mwaka 1894 walijaribu kukodi ukanda kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwenye Congo, Wajerumani wakapinga, mpango ukafutwa. Mwaka 1919, Ujerumani ikiwa imeshindwa vitani, Lord Milner wa Uingereza alikubaliana na Pierre Orts wa Ubelgiji kwamba Gisaka, mashariki mwa Rwanda, iingizwe Tanganyika ili reli ipite kando ya Akagera. Safari hii pingamizi zilisikika. Musinga alilalamika, Askofu Classe akaandika, wakuu wa Kibelgiji nao wakatetea, na kufikia 1924 Gisaka ilikuwa imerudi Rwanda. Reli ile haikujengwa kamwe. Bufumbira haikurudi, na azimio la nchi huru za Afrika mjini Cairo, mwaka 1964, la kuheshimu mipaka iliyorithiwa, lilifunga mjadala huo.